Siku moja maishani mwangu: daktari wa upasuaji wa jumla, hospitali ya wilaya, upande wa Makambako

Saa 11:20 alfajiri

Mwezi wa saba huku kwetu kuamka ni kazi, waliowahi kushuka stendi ya Makambako usiku upepo wake wanaujua, unapenya mpaka kwenye sweta. Kitu cha kwanza naangalia simu. Kwenye kundi la zamu wameandika oparesheni mbili usiku, moja mama kajifungua kwa kupasuliwa, nyingine ya tumbo, mama na mtoto wazima, wa tumbo yuko wodini anahema vizuri, damu zimebaki chupa mbili. Basi hapo naweza kunywa chai yangu na kiazi nikiwa na amani.

Watu wananiuliza sana kwanini nimesoma miaka yote ile, mitano ya udaktari, mmoja wa interni, yaani mazoezi ya kazi chini ya usimamizi, alafu tena miaka ya ubingwa wa upasuaji wa jumla, ili nije kukaa wilayani badala ya Dar au Dodoma au hata hapo Mbeya hospitali ya kanda. Leo nimeamua nijibu kwa kuandika siku yangu ya jana yote ilivyokwenda, maana mi naamini kabisa kwamba upasuaji wa jumla ni afya ya msingi, mahali pake ni huku chini ilipo chanjo na kliniki ya wajawazito, na mtu yeyote atakayepangiwa zahanati au kituo cha afya lazima aujue hata kama hatashika kisu maisha yake yote.

Saa 1:30 asubuhi, ripoti

Tumekaa chumba kile kidogo cha mikutano, mainterni, manesi, wanafunzi wa utabibu kutoka chuoni, na mzee wetu, yule daktari msaidizi aliyekuwa zamu usiku. Interni anasoma: baba wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa viazi, ametokea kata ya mbali, tumbo limejaa, hajapata choo wala kutoa upepo, anatapika kitu cha kijani. Ngiri yake anaijua miaka, ikitoka akinyanyua gunia inarudi akilala. Safari hii ilitoka ikagoma kurudi, siku ya nne sasa.

Siku ya kwanza alienda kituo. Akapimwa damu, akapimwa mkojo, akaambiwa taifodi na UTI, akapewa vidonge. Siku ya pili maumivu yamezidi akarudi, akawekewa dripu na sindano. Siku ya tatu akaanza kutapika. Katika muda wote huo hamna mtu aliyemwambia baba hebu shusha suruali tuone, na yeye ni mtu mzima wa kibena ana aibu zake, anasema tumbo linauma, hasemi huku chini pamevimba. Walipomfungua usiku kipande cha utumbo kilichonaswa kwenye ngiri kilikuwa kimeshakufa, kimekuwa cheusi, ikabidi kikatwe na utumbo uungwe.

Mzee wetu ndiye aliyekata na kuunga, interni akimsaidia, na wameifanya vizuri sana kazi ile.

Lakini fikiria. Ngiri ile ingetengenezwa mwaka jana wakati inarudi yenyewe ni kazi ya saa moja hivi, ganzi ya mgongo au hata ganzi ya pale pale kwenye kinena, kesho yake mtu yuko nyumbani, baada ya wiki kadhaa anashika jembe. Sasa hivi ana chale ndefu ya tumbo, mpira puani, mpira wa mkojo, ametumia damu, ndugu wameuza mahindi ya kula, na bado siku kadhaa ndo ntajua kama kile kiungo cha utumbo kimeshika au kinavuja. Ugonjwa ni uleule, kisu ni kilekile, tofauti ni lini na nani alimwona kwanza.

Ndo maana kwenye ripoti huwa siishii kuuliza mlifanya nini usiku. Nauliza mtu wa kwanza kabisa aliyekutana naye alitakiwa aone nini. Jana nikawauliza wanafunzi wa utabibu, maana wao ndo wataenda kukaa kule, na jibu nataka walijue hata wakiamshwa usingizini: mgonjwa wa tumbo hujampima mpaka umeangalia kinena pande zote mbili, na kama ni mwanaume na korodani, alafu umeuliza choo na upepo mara ya mwisho lini. Haihitaji mashine wala hela, inahitaji pazia na mikono yenye joto.

Na sitaki wamlaumu yule tabibu wa kule. Yupo karibu peke yake, foleni mpaka nje, watoto wanakohoa, wajawazito wanasubiri, na ukimuuliza chuoni upasuaji aliusoma vipi atakwambia daftari limejaa ila ngiri iliyonyongwa kwa macho hakuwahi kuiona.

Saa 2:40 raundi

Wodi ya upasuaji imejaa, msimu huu wa baridi tunajua itajaa na watakuwa watoto. Huku nyanda za juu moto unakaa ndani ya nyumba, jiko la mafiga katikati, watoto wanaota moto, mmoja anasukumwa, mwingine anavuta sufuria ya uji, na wapo wenye kifafa wanaoangukia motoni. Kila mwaka.

Kitanda cha dirishani kuna kabinti ka miaka mitatu, mkono wa kulia umeungua uji, ana wiki ya pili sasa. Bibi yake ndo anakauguza. Kamwene bibi, nikamsalimia, akajibu kwa furaha maana mi si mbena nimejifunza tu. Nikamwambia bibi mkono unaendelea vizuri, ila kesho kutwa tutamchukulia ngozi kidogo pajani tumpandikize hapa kwenye kiwiko, kwasababu tukiuacha upone wenyewe ngozi itajikunja na mkono hautanyooka tena. Bibi akaniuliza, mwanangu, si pakipona pamepona? Swali zuri sana lile, nikaita interni wote wasogee, nikawaambia mjibuni bibi kwa maneno ambayo mimi nisingehitaji kutafsiri.

Mmoja akajibu vizuri, akaushika mkono wa mtoto taratibu akamwonesha bibi mahali ambapo kovu litavuta, akasema bibi huyu ndo mkono wa kushikia kalamu.

Sasa hili nalo ni la upasuaji wa jumla na ni la afya ya msingi. Kama yule mama jirani aliyefika wa kwanza angejua maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini, mapema iwezekanavyo, bila kupaka dawa ya meno wala yai wala majivu, na kama zahanati wangejua kufunika kidonda na kitambaa safi, kumpa mtoto dawa ya maumivu na kumleta siku ileile, huenda tusingefika kwenye kupandikiza. Kisu changu mimi kinakuja mwisho kabisa kwenye huo mstari, na kabla yake kuna mama jirani na nesi wa zahanati ambao hakuna aliyewafundisha.

Vitanda vingine tumepita haraka, mguu wa kisukari, jipu la paja, kijana wa kidole tumbo anaomba ruhusa aende nyumbani na nimempa.

Saa 4:15 thieta, chumba cha upasuaji

Orodha ya jana ilikuwa ngiri mbili na busha moja. Hizi ndo kazi ambazo watu wa mjini wanaziita ndogo. Mi nazipenda kuliko zote kwasababu ndo darasa.

Kabla ya kuanza tunasimama wote, tunasoma ile orodha ya usalama ya WHO, Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa ni nani, tunafanya nini, upande gani, ana mzio wa dawa, antibayotiki imeingia ndani ya saa moja kabla ya kisu, damu ipo, sakisheni, mashine ya kufyonza, inafanya kazi. Wapo mainterni wanaofika hapa wakidhani ni makaratasi ya wazungu. Huwa nawaambia orodha hii ilipojaribiwa kabla ya kusambazwa dunia nzima, kwenye hospitali nane za miji nane, London na Toronto na Seattle wakiwemo, mojawapo ilikuwa Ifakara, hapo tu bondeni chini ya milima ya Iringa. Vifo baada ya oparesheni vikashuka kutoka 1.5 kwa kila wagonjwa mia mpaka 0.8, matokeo yakachapishwa 2009. Watanzania wenzetu wa Ifakara wamo ndani ya ushahidi huo, kwahiyo ni ya kwetu tuisome kwa sauti.

Kaka yetu wa usingizi ni nesi aliyesomea kutoa dawa za usingizi na ganzi. Akachoma ganzi ya mgongo, akamgusa mgonjwa na pamba yenye spiriti kupima ganzi imepanda mpaka wapi, akatikisa kichwa, anzeni. Watu wanazungumzia sana madaktari wa upasuaji ila ukweli ni kwamba hospitali nyingi za huku chini zinakwama kwa mtu wa usingizi, unaweza kuwa na thieta mpya, taa mpya, kitanda kizuri cha kupanda na kushuka, kama hamna mtu wa usingizi ile ni stoo. Serikali imejenga vituo vya afya vingi vyenye thieta miaka hii na nimefurahi sana kuviona, nimevitembelea kadhaa, swali langu kila nikiingia ni moja, usingizi anatoa nani.

Ngiri ya kwanza nilifanya mimi interni akinisaidia. Ya pili alifanya yeye, mimi nikashika vishikizo. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwenye ngozi, ulipofika kwenye fashia, ule utando mgumu chini ya ngozi, ukatulia. Nilimsimamisha sehemu mbili, ya kwanza kwenye ule mshipa wa fahamu unaopita juu ya kamba ya mbegu, nikamwambia autafute auone na auweke pembeni kwanza kabla ya kuendelea, maana ukiushona humo huyu baba atakuwa na maumivu ya kinena miaka yote. Ya pili kabla ya kufungua mfuko wa ngiri, hakikisha hauna kitu ndani. Kwenye nyavu, zile za kuzibia pale ngiri inapotokea, tukaongea kidogo, nyavu za dukani ni bei kubwa, na wenzetu Uganda walifanya utafiti uliotoka 2016 wakalinganisha na nyavu ya bei nafuu ya aina ya chandarua iliyotakaswa vizuri, mwaka mmoja baadae matokeo hayakupishana. Nawapa hizi habari wajue kwamba maswali ya huku kwetu nayo ni maswali ya sayansi, yanajibiwa na watu wanaoishi huku.

Katikati ya busha umeme ukakatika, jenereta ikachukua sekunde kadhaa, tukasubiri kwa mwanga wa simu ya mwanafunzi. Tumeshazoea. Ukarudi tukamaliza.

Saa 7:45 mchana

Chapati maharage kwa mama anayeuza nje ya geti, nimekaa na mzee wetu ambaye alitakiwa awe ameshalala ila amegoma kuondoka mpaka amwone yule mgonjwa wake wa utumbo ameamka sawasawa.

Nataka niwaandikie kuhusu watu kama huyu mzee. AMO, madaktari wasaidizi, walianza kufundishwa hapa nchini 1963. Mtu alikuwa tabibu kwanza, amekaa kijijini miaka kadhaa anajua watu wanaumwa nini, ndo anarudi chuo miaka miwili kujifunza zaidi ukiwemo upasuaji, alafu anarudishwa wilayani. Miaka na miaka ukisikia mama kapasuliwa salama hospitali ya wilaya Makete au Ludewa au Mbozi jua uwezekano mkubwa aliyeshika kisu alikuwa AMO. Watafiti walipoenda Mwanza na Kigoma kuangalia oparesheni kubwa za dharura za uzazi wakakuta nyingi mno zimefanywa na wao, na matokeo hayakutofautiana na ya madaktari wenye digrii.

Mafunzo yale yamesitishwa. Waliopo wanastaafu mmoja mmoja, na huyu wa kwetu naye karibu. Nikamuuliza mzee, ukiondoka nani atafanya hizi kazi za saa nane usiku? Akawatazama mainterni kwenye meza ya pili wanacheka na simu zao, akasema hawa hapa mwanangu, ila uwashike mikono, usiwashikishe mafaili.

Kwakweli hilo neno limenikaa. Zipo sehemu interni anamaliza miezi yake ya upasuaji amejaza fomu, amebeba sampuli maabara, amesukuma machela, kashika ritrakta, kile chuma cha kutanua kidonda, kwa nyuma ya watu watatu, na muhuri anapigiwa. Mwaka unaofuata anapangiwa kituo cha afya chenye thieta, yeye ndo daktari pekee, anapigiwa simu usiku kuna mama uzazi umegoma. Unategemea afanye nini? Mzee wetu anawafundisha mafundo ya nyuzi kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa kiti, mkono wa kulia, wa kushoto, macho yamefumbwa. Hakuna anayemlipa kwa hilo.

Saa 8:40 kliniki

Foleni ndefu, naandika kwa kifupi. Tezi dume mbili, goita, uvimbe wa mafuta mgongoni, bawasiri. Mama mmoja ana uvimbe kwenye titi una miezi, tumechukua kinyama na kitaenda maabara ya patholojia Mbeya, nimeongea nae taratibu mlango ukiwa umefungwa na nimechukua namba ya simu yake na ya mume wake na ya dada yake, maana wakipotea hawa hurudi kidonda kimeshafunguka.

Saa 10 kasoro

Tumeitwa mapokezi. Lori na bodaboda kwenye barabara kuu ya Tunduma, hiyo barabara inatuletea watu kila wiki. Wameletwa wawili na gari ya mizigo. Abiria mguu wa chini umevunjika na mfupa uko nje. Dereva wa boda anahema juujuu, midomo imebadilika rangi.

Interni alikuwepo pale dakika nyingi kabla yangu. Nilimkuta ameshaweka oksijeni, ameshasikiliza kifua, akaniambia dokta upande wa kulia hewa haiingii, koo limesogea kushoto, presha inashuka, nimeshachoma sindano kubwa mbele ya kifua hewa iliyokuwa inabana pafu imetoka kwa kishindo na sasa naandaa mpira. Hakusubiri eksirei. Nikavaa glovu nikasimama nyuma yake. Akahesabu mbavu, akapata nafasi ya tano mbele kidogo ya mstari wa kwapa, ganzi, chale juu ya ubavu wa chini yake si chini ya ubavu maana mishipa inapita chini ya kila ubavu, akaingiza kidole akazungusha, akapitisha mpira, akaunganisha kwenye chupa ya maji. Mapovu. Yule kijana akavuta pumzi ndefu mpaka ndugu yake aliyesimama mlangoni akaanza kulia.

Mpira ule na ile chupa vina bei ndogo kuliko kupakia mtu kwenye gari la wagonjwa mpaka Mbeya, zaidi ya kilomita 150, na asingefika hata Igawa, hapo njiani.

Yule wa mguu tukamwosha kidonda kwa maji mengi sana ya dripu, antibayotiki, sindano ya pepopunda, tukanyoosha tukafunga na plasta ya nyuma, usiku ule ule ataingia thieta kusafishwa vizuri na baada ya hapo nimeshaongea na wa mifupa Mbeya wampokee. Kumpeleka Mbeya sina neno, ndo kazi ya kanda. Ninachotaka ni mtu apelekwe akiwa ameshatengenezwa, asipelekwe kama mzigo.

Saa 12:15 jioni, darasa

Mara moja kwa wiki tunakaa na wanafunzi na mainterni, na matabibu wa vituo wanajiunga kwa simu wale wenye mtandao. Jana mwanafunzi mmoja akanyanyua mkono akauliza swali ambalo nilitamani mtu aliulize, akasema dokta, afya ya msingi tumefundishwa ni maji safi, chanjo, lishe, mama na mtoto, upasuaji unaingiaje humo?

Nikamwambia hilo swali lina umri. Azimio la Alma-Ata, lile la dunia kuhusu afya ya msingi, lilikuwa 1978. Miaka miwili tu baadae, 1980, Halfdan Mahler ambaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa WHO alisimama mbele ya madaktari wa upasuaji Mexico City akawaambia upasuaji una nafasi muhimu kwenye afya ya msingi na kwamba watu wengi duniani hawaufikii kabisa. Ikapita miaka mingi bila kusikika sana. Mpaka 2015 tume ya Lancet, lile jarida la kitabibu, ikaja na hesabu kwamba watu bilioni 5 hawafikii upasuaji na usingizi ulio salama na wa bei wanayoimudu, na mwaka huohuo Baraza la Afya Duniani likapitisha azimio kwamba upasuaji wa dharura na wa lazima ni sehemu ya afya kwa wote. Tanzania nayo ikatoa mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi, 2018 mpaka 2025.

Alafu nikawaambia wafunge madaftari wasikilize kitu kimoja cha ile tume. Walichagua oparesheni tatu za kupimia hospitali, kumpasua mama azae, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliotoka nje ya ngozi. Hospitali inayoweza hizo tatu inaweza karibu kila kitu cha lazima, na mtu anatakiwa azifikie ndani ya saa mbili. Nikawauliza, tangu jana usiku hapa kwetu zimekuja ngapi? Wakaangaliana. Zote tatu zimekuja ndani ya saa ishirini na nne, mama wa usiku, baba wa utumbo, abiria wa boda. Na wataalamu waliokaa kuorodhesha oparesheni 44 za lazima walikuta 28 zinafaa kufanyika kwenye hospitali ya ngazi ya kwanza, yaani hapa tulipokaa. Sasa mtoe mtu wa Makete ndani, wakati wa mvua, barabara ya udongo, mumwambie upasuaji upo Mbeya. Hizo saa mbili zinaishia kwenye kutafuta gari.

Yule mwanafunzi akasema basi dokta kumbe hata kuchunguza kinena ni afya ya msingi. Nikamwambia ndiyo, andika.

Saa 2 usiku

Nyumbani, ugali na majani ya maboga, nimekula nimekaa karibu na jiko. Nimempigia mama yangu. Nimejinyoosha.

Saa 4:10 usiku

Simu. Tabibu wa kituo kimoja ambacho kipo kama saa moja kutoka hapa kwa gari barabara ikiwa kavu. Samahani dokta, shikamoo, nina mtoto wa miaka kumi na tano, maumivu yameanza ghafla saa mbili usiku akiwa amelala, ametapika mara mbili, kaja na mama yake wanasema tumbo, nimemvua nimeangalia, korodani ya kushoto imepanda juu imelala upande, haiguswi, homa hamna, mkojo hauumi. Sijampima ultrasaundi sina na naona inachelewesha. Nadhani imejisokota.

Nikamwambia umeona vizuri sana, mpe dawa ya maumivu, muwekee njia ya dripu, asile wala kunywa, andika saa maumivu yalipoanza kwa maandishi makubwa, gari litoke sasa hivi. Hii kitu saa sita za mwanzo ndo zake, zikipita kila saa unapoteza.

Nikampigia kaka wa usingizi, nikampigia nesi wa thieta, interni tayari alikuwa hospitalini na yule wa mguu. Mtoto kafika saa 5:30. Mama yake kajifunga kanga mbili na blanketi, akanivuta pembeni kwa aibu akaniuliza, dokta, huyu atakuja kupata watoto kweli? Nikamwambia mama umemleta mapema, tunaenda kuiokoa, na hata ikitokea ikabaki moja, moja inatosha kuzaa. Akaweka sahihi.

Tukafungua kabla ya saa sita usiku. Imejisokota mzunguko mmoja na nusu, rangi ya zambarau iliyokoza. Tukaigeuza ikarudi mahali pake, tukaifunika na gozi za maji ya uvuguvugu, tukasubiri bila kuongea sana, na ndani ya dakika kadhaa ikaanza kuwa ya waridi kuanzia juu kushuka chini. Interni akaishona isigeuke tena, alafu tukafungua na upande wa pili tukaishona nayo, maana umbile lililoruhusu hii kugeuka mara nyingi lipo pande zote mbili.

Alipofunga ngozi nikamwambia kabla hujaenda kuandika chochote mpigie yule tabibu, najua hajalala, mweleze tulichokikuta na rangi ilivyorudi, na mwambie wiki ijayo kwenye darasa nataka yeye ndo awasimulie wenzake alivyompima.